Usiamini Stima Iliyopotea

Mwaitu Mwikali,

Sikuulizi hali. Kati yetu kuna ukuta mmoja, na nakusikia ukifunga lile begi, zipu inakwama palepale, unaivuta, unasonya. Kesho utapanda gari la Kambu na mimi nitasimama hapo steji nikijifanya nauliza bei ya nyanya, ili usiuone uso wangu. Kwa hivyo nasema yangu sasa na kwa karatasi, maana kwa mdomo tumeshindwana. Tangu turudi Jumamosi kutoka kule karakana utakakofanya kazi unanijibu "ndiyo mama" na "hapana mama" kama kuruta mbele ya afande.

Blanketi, dawa ya malaria, kanisa utakalosali, hayo baba yako ameyasema mpaka mimi mwenyewe nimechoka kuyasikia. Mimi nitasema ya stata, lile boksi la kuwashia mota za umeme. Wanawake wengine huwaandikia binti zao kuhusu wanaume, na mimi pia ningeweza, ninayo ya kusema. Lakini mwanamume mbaya utamsikia akija, ana viatu. Stima haina viatu.

Na huko wakisikia nikikuita mwaitu kwa simu, waambie tu una jina la mama yangu mzazi, na kwetu Ukambani mtoto mwenye jina la mama huitwa mama. Hiyo ndiyo shida yangu na wewe tangu uzaliwe. Siwezi kukukemea vizuri. Nikianza tu naona namkosea heshima yule aliyenizaa.

Ulisema Jumamosi nilikuaibisha. Labda. Tulikaribishwa vizuri, hilo sikatai. Viti, soda baridi, na huyo mwenye karakana na tabasamu lake kubwa, "Mama, hapa msichana wako amefika nyumbani." Ai! Mtu akiniambia nimefika nyumbani kabla sijaona choo, nashika mkoba wangu kwa mikono miwili. Nikauliza kama naweza kuona stata ya ule msumeno mkubwa wa kupasua mbao. Akacheka. Akasema hiyo ni kazi ya mafundi. Wewe ukanikanyaga mguu chini ya meza. Sasa niambie, mtu asiye na cha kuficha anacheka nini?

Nikainuka nikaenda mwenyewe. Sikugusa ndani, na wewe uliona sikugusa. Sikuhitaji hata bisibisi, kifuniko cha lile boksi kilikuwa kinaning'inia bila skrubu. Kitufe chekundu cha kuzimia kilikuwa kimepakwa rangi ya kijivu pamoja na boksi lote, mtu alipita na brashi yake akamaliza. Na chini ya kontakta, ile swichi ya sumaku, pale ovalodi inapokaa, kulikuwa na kipande cha waya kimeruka juu yake, kimefungwa na tepu, kizuri kabisa, kazi ya mtu aliyetulia. Ovalodi kazi yake ni moja, mota ikila stima kupita kiasi ikate kabla mota haijaungua. Na hapo imezibwa mdomo. Nikasema hivyo, na kwa sauti, nakubali. Vijana wakaacha kupiga randa wakatazama chini. Yule bwana tabasamu likaisha. Akaniambia, "Mama, hiyo kitu ikikata kila saa, kazi itafanywa saa ngapi?"

Hilo jibu ndilo lililonirudisha nyumbani nimenyamaza, si kule kukanyagwa mguu. Kwa sababu nililijua. Nililisema mimi, kwa mdomo huu, hapa Kathonzweni, wewe ukiwa bado unabebwa mgongoni.

Hadithi ya mkono wa Kioko, fundi wetu wa mbao, umeisikia sokoni, umeisikia kanisani, na Kioko mwenyewe amekusimulia akicheka, maana yeye hucheka kila kitu. Lakini kila mmoja huisimulia kama hadithi ya kamuti, ya uchawi, halafu mwishoni anasema "kumbe ni kijiti" na watu wanaangua kicheko. Mimi sijawahi kukusimulia kama hadithi yangu. Sikiliza basi.

Ilikuwa msimu wa mavuno mazuri, yale tunayoyapata kwa nadra. Foleni ya kusaga kwenye kinu changu ilianzia mlangoni ikafika kwa mshona viatu. Na kila jioni, watu wakirudi manyumbani na kuwasha kila kitu, stima inakuwa nyembamba. Kontakta yangu inashindwa kushika. Inatetemeka, trrrr, inaachia, kinu kinanyamaza, wanawake wanaguna. Unabonyeza kitufe cha kijani, inashika, inatetemeka, inaachia tena. Na ng'ambo ya barabara Mzee Salim, yule mfanyabiashara aliyetoka Mwingi, alikuwa amefungua kinu chake mwezi uleule, na chake kilinguruma bila kukatika hata mara moja. Nikasimama mlangoni nikakisikiliza. Nikajiambia, stima ni moja, laini ni moja, mbona yake haitetemeki?

Hapo ndipo shaka iliponiingia, na iliingia kwa mlango usio wake.

Nikamwita fundi, yule wa pikipiki nyekundu ambaye siku hizo alikuwa kila mahali, nikamwambia ikikata kila saa kazi itafanywa saa ngapi. Akafungua boksi, akatazama, akaenda pale Kioko alipokuwa anapasua mbao, akaokota kibanzi cha mukau sakafuni. Mukau unaujua, mti wetu mgumu, hauliwi na mchwa, haubonyei. Akakichonga kidogo, akakandamiza kontakta kwa kidole, akapachika kile kijiti ikabaki imeshuka. "Mama, sasa itatulia." Ikatulia kweli. Siku hiyo tulisaga mpaka foleni ikaisha na mimi nikaimba njia nzima.

Wewe umesoma haya darasani, lakini darasani waliyasema haraka. Kontakta imeumbwa iachie. Huo ndio uaminifu wake. Stima ikipotea, inaachia, na stima ikirudi, inakaa vilevile imeachia, inangoja mtu mwenye akili abonyeze kijani. Kitufe chekundu nacho hufanya kazi kwa kuiambia iachie. Ovalodi pia, ikiona hatari, huiambia iachie. Wote watatu wanazungumza na ile koili, sumaku inayoishika kontakta. Sasa ukiweka kijiti cha mukau, koili haina neno tena. Chekundu kimekuwa pambo. Ovalodi inapiga kelele peke yake. Na mashini haiwezi tena kujua tofauti ya kuzimwa na kukosa stima.

Tangu siku hiyo nikawa nawasha na kuzima kwa ile swichi kubwa ya ukutani. Mimi nilizoea. Kioko hakuwa akishughulika na kinu sana, yeye alikuwa mtu wa mbao, na mimi sikumwambia kitu ila "usifungue hilo boksi." Basi siku niliyoenda mjini Wote nilikiwasha kinu mwenyewe, akanishikia. Stima ikapotea katikati ya debe la mtu. Kioko akafanya alivyofundishwa na mimi mwenyewe, akabonyeza chekundu. Akafungua kinu atoe chekeche lililoziba, akaingiza mkono. Stima ikarudi.

Siwezi kuandika zaidi ya hapo. Nilirudi nikakuta mwanaume mzima amekaa chini ameegemea gunia, mkono kwenye leso ya mteja, anauliza kama chekeche limepasuka.

Na unajua nilisema nini? Nilisema, "Salim." Woi, Mwikali. Damu ya mtu iko sakafuni na mimi nasema Salim. Watu waliona kinu kimeanza chenyewe, Kioko ameapa alibonyeza chekundu, watu watatu walimwona akibonyeza. Mashini inaanzaje yenyewe? Lazima kuna mkono wa mtu. Na mkono wa nani, kama si wa yule asiyetaka nisage? Wanawake wa foleni walikuwa wamefika hapo kabla yangu. Jioni ile hakuna aliyevuka barabara kwenda kwa Salim. Kijiti kilikuwa ndani ya boksi langu, nilikiona kikiwekwa, nilijua kiko pale kama ninavyojua meno yangu, na sikukifikiria hata mara moja. Macho yangu yalikuwa yanamtafuta mtu.

Mchungaji akaja na akina mama wa maombi. Wakaizunguka mashini, wakaimba, akapaka boksi la stata mafuta ya upako. Kisha akaniambia, "Washa kwa imani." Nikainua swichi kubwa na kabla sijaondoa mkono kinu kikanguruma, kijani hakijaguswa. Haleluya! Vigelegele! Mtu mmoja akaanguka. Mimi nikalia. Hebu fikiria, tulikuwa tunaushangilia ule ugonjwa.

Lakini mimi unanijua. Hata baada ya maombi nilitaka kumkamata mtu. Jumamosi iliyofuata stima ilipotea tukiwa kazini, tukangoja, tukachoka, tukafunga tukaenda nyumbani. Jumapili baba yako akawapeleka kanisani, mimi nikasema kichwa kinauma. Nikaingia kwenye kinu, nikajifungia, nikaketi nyuma ya magunia na panga. Nilisema anayekuja kuiroga mashini yangu atakuja watu wakiwa ibadani, na leo atanikuta. Nilikaa hapo nikisikia nyimbo kwa mbali. Hakuna aliyekuja. Nilimwona hata Salim kwa ufa wa mlango, amekaa nje ya duka lake anakata kucha.

Halafu kinu kikaanza. Chenyewe. Hakuna mtu, hakuna kivuli, mlango umefungwa, kinasaga hewa. Nilipiga yowe nikapita na mlango, panga sijui nililiacha wapi. Nikasimama barabarani. Na hapo ndipo nikasikia redio kwa Salim. Ilikuwa imenyamaza asubuhi yote na sasa inaongea. Stima imerudi. Jana tuliondoka bila kuteremsha swichi kubwa. Nikasimama pale jua linanichoma. Nikarudi ndani, nikazima ukutani, nikafungua boksi, kijiti kiko palepale. Mafuta ya upako yalikuwa bado yanang'aa kwenye kifuniko. Kikulacho ki nguoni mwako, mwaitu. Mchawi nilikuwa nimemtafuta na panga, na nilikuwa nimemleta mimi asubuhi ile chini ya kanga yangu.

Nilivuka barabara nimeshika kile kijiti. Salim akaniona akasimama, nadhani alifikiri nimekuja kupigana. Nikamwambia yote, hata yale niliyosema kwa watu. Hakukasirika. Alikichukua kile kijiti akakigeuza, akasema, "Mama Mwikali, mimi nami mota yangu imeungua juzi, nikasema ni wewe na yule mchungaji wako." Akaingia ndani, akazima, akafungua boksi lake. Mukau. Kijiti ndugu, kimechongwa na kisu kilekile, kimeokotwa sakafuni kwangu. Fundi wa pikipiki nyekundu alikuwa ametutibu sote wawili. Ndiyo maana yake haikutetemeka. Tulitazamana tukashindwa kucheka na tukashindwa kulia.

Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani nikasema. Ilikuwa rahisi kuliko kwenda kwa mke wa Kioko. Kwake niliketi jikoni, akaendelea kupepeta ndengu mpaka zikaisha, kisha akaniuliza, "Na wewe ulijua kiko hapo?" Nikasema nilijua. Akasema sawa. Mpaka leo tunasalimiana vizuri na mpaka leo hiyo "sawa" inaniamsha.

Baada ya hapo nilifunga kinu nikaenda chuo cha ufundi kukaa na vijana wenye ndevu za kwanza, wananiita shosho, bibi, darasani. Nilitaka kujua kila kilicho ndani ya lile boksi ili mtu asiniambie tena "itatulia." Wewe ukakua ukichezea kontakta mbovu kama watoto wengine wanavyochezea vibao. Halafu unashangaa mama yako ni mtu wa kushuku.

Kwa hivyo sikuombi uache kushuku. Nakuomba ushuku kwa mpangilio, usiwe kama mimi na panga langu.

Shuku rangi za waya. Zamani nyeusi ilikuwa nyutro, ya kurudi, mpole. Waya za siku hizi nyeusi ni fezi, ya kuleta stima, na buluu ambayo ilikuwa fezi sasa ndiyo nyutro. Karakana kama ile ya barabarani imefungwa na mafundi wa kila zama, nusu ya zamani nusu ya sasa, na wote wameshakwenda zao. Niliwahi kushika nyeusi kwa mchomeaji mmoja hapa Kathonzweni kwa sababu akili yangu ilikuwa ya zamani. Rangi itakwambia fundi alikuwa na waya gani dukani siku hiyo. Stima utaiuliza kwa tesita.

Na tesita nayo ishuku. Ile yangu ya kwanza ilikufa mfukoni bila kuniaga. Nikapima, ikakaa kimya, nikasema hakuna kitu, nikagusa. Nilirushwa kwenye gunia la unga lililokuwa wazi nikatoka mweupe mwili mzima. Wateja walicheka mpaka wakashikana. Mimi nililia nyuma ya nyumba, na si kwa maumivu. Tangu hapo naanza na mahali ninapojua stima ipo, niione tesita ikisema ndiyo. Ndipo naenda pale ninapotaka kufungua, napima fezi zote, moja na nyingine, na kila moja na athi, waya wa ardhini. Kisha narudi pale pa kwanza nione kama bado iko hai. Watakuona unajizungusha. Waache wakuone.

Kitufe chekundu usikiamini hata kikiwa kipya. Kikifanya kazi yake yote kwa uaminifu kinaachisha kontakta tu, na juu ya kontakta nyaya tatu bado ziko hai zinakungoja. Chekundu ni cha kusimamisha mashini. Cha kukuruhusu kuingiza mkono ni swichi kubwa, iliyoteremshwa na wewe, yenye kufuli lako, na ufunguo uko kwako, si kwa msimamizi, si juu ya dirisha.

Ukinunua koili, soma maandishi yake wewe mwenyewe hata kama muuzaji anaapa kwa mama yake. Ya volti mia mbili arobaini ukiipa fezi mbili itanuka kabla hujafunga kifuniko. Ovalodi isome na kibao cha mota, ampea zilizoandikwa pale ndizo utakazoweka, usiongeze "kidogo ya msimu." Na ikikata, usiikasirikie. Mara nyingi fezi moja imeanguka huko kwa transfoma, mota inavuma kama mgonjwa na inapika nyaya zake, na hiyo ovalodi peke yake ndiyo iliyojua. Watu wa stima wakitengeneza laini, usifunge mkanda kabla hujagusa kijani kidogo tu uone mota inazunguka upande gani. Hapa walibadilisha fezi mbili bila kusema, msumeno wetu ukageuka nyuma, ubao ukapita kwenye mabati ya choo. Mungu ni mwema baba yako alikuwa ametoka dakika ileile. Yeye husema aliitwa na Roho, mimi nasema ni yale maharagwe yaliyokuwa yamemaliza kazi.

Haya yote unayajua. Najua unayajua, ulinisahihisha mwenyewe mwaka jana juu ya athi ya randa nikanuna siku mbili. Siogopi mikono yako. Mimi naogopa lile neno "leo tu."

Yule bwana alinipigia simu jana. Hukujua. Alisema, "Mama, ule waya tumeutoa. Mwikali akija ndiye atatengeneza stata zote, yeye ndiye mkubwa wa stima hapa." Sauti tamu. Nikamshukuru, na nilipokata simu nikamshuku zaidi. Mbona anakutaka sana? Labda ni mtu mwema, labda aliogopa kweli, wako watu wa namna hiyo. Lakini labda anataka jina lako liwe kwenye boksi, mkono ukikatika aseme fundi alikuwa Mwikali. Atakupa ukubwa siku kukiwa kimya. Halafu kutakuwa na lori limesimama, mteja anahema mlangoni, ovalodi imekata mara ya tatu, na atakuja na lile tabasamu akuambie, "Mwikali, ruka hiyo kitu leo tu." Wenzako wote watakuangalia. Wewe ni mgeni, wewe ni msichana, wewe ndiye wa mwisho kuingia. Hapo hakuna tesita ya kukusaidia. Mimi nilikuwa mwenye kinu, hakuna aliyenilazimisha, na bado sikuweza kuiambia foleni ya wanawake ngojeni. Ningeweza kusema ngojeni. Kioko angekuwa anapiga gitaa lake.

Ndiyo maana nilitaka kukuzuia. Nakwambia ukweli. Mpaka leo mchana nilikuwa nimeshapanga na baba yako, aseme anaumwa, ubaki wiki moja, na wiki moja ingekuwa mbili. Alikataa kudanganya lakini alikubali kuguna. Nilikuwa nimejiambia, huyu bado anamwamini mtu akimpenda. Ataingiza mkono kwa sababu mtu mzuri amesema ingiza.

Halafu jioni hii tukaenda kubadilisha chekeche, yule mama wa uji anataka unga laini kesho. Mashini zote mbili zilikuwa kimya. Mimi nilitangulia ukutani, nikateremsha swichi, nikakuita, "Nimezima, fungua." Ulikuwa umeshainama. Spana iko mkononi. Ukasimama. Ukaiweka spana chini, ukatoa tesita mfukoni, ukaenda ukaipima kwanza kwenye soketi ya taa, ukarudi ukafungua boksi la stata ya kinu.

Nikuambie nilichosikia? Niliumia. Nilisema moyoni, mtoto niliyemnyonyesha anapima maneno yangu na tesita. Nilifungua mdomo nikugombeze.

Tesita ikawaka.

Nilikuwa nimeteremsha ya msumeno. Swichi mbili zimekaa pamoja ukutani miaka yote hii, nimezifunga mimi, na nilikuwa nafikiria wewe unaondoka nikashika isiyo yenyewe. Hukuniangalia. Hukusema "mama." Ulienda ukateremsha ya kinu, ukaifunga kufuli, ukapima tena, ukarudi kwenye soketi, ukainama, ukaniambia nikushikie tochi. Nikaishika. Na wewe ukafungua nati moja moja kwa vidole vyako vyote.

Baba yako nimemwambia asigune. Nenda Kambu, mwaitu. Na mtu yeyote huko akikuambia amezima, hata awe mtu unayempenda kuliko wote, mtendee vile ulivyomtendea mama yako leo.

Ni mimi,
Mama